Zeus, Liyongo na Shing'weng'we: hadithi za kale tunavyozisoma nyumbani

Kuna maswali mawili huwa naulizwa nikisema wanangu wanasomea nyumbani. La kwanza ni "sasa watapataje marafiki", hilo siku hizi nacheka tu napita. La pili linatoka kwa wazazi walioamua kama sisi, wanataka kujua vitabu tunatoa wapi, na hasa vile vya hadithi za kale, za miungu ya Wagiriki na Wamisri, majitu, mazimwi, mashujaa ambao mkuki hauwaingii. Manake mitaala mingi ya nje tunayotumia inaanza historia na Misri, Ugiriki na Roma, mkifika hapo mtoto anataka kujua huyu Zeus ni nani, na wewe mzazi ulisoma shule ya msingi ya serikali enzi zile huna habari naye. Leo watoto wamelala mapema na umeme upo, ngoja niandike yote kwa mpigo.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili msije mkasema sikuwaambia. Hadithi za Wagiriki kuzipata wala sio kazi, zimejaa kila mahali, tena bure. Kazi ipo kwenye za kwetu. Na mimi siafiki kabisa mtoto wa Tabata aitaje miungu 12 ya Olympus kwa mpangilio halafu hajui Fumo Liyongo aliuawaje. Kwa hiyo kwangu tunasoma mbili mbili, moja ya kule moja ya huku, na hapo ndo mambo yalipokuwa matamu mpaka mimi mwenyewe nikawa nasubiri kipindi kwa hamu kuliko wao.

Tuanze na za wenzetu tuzimalize haraka. Kama mtoto anasoma Kiingereza vizuri, ingia Project Gutenberg, pale kuna vitabu ambavyo hakimiliki yake imeisha, unachukua bila kulipa hata senti. Hawthorne aliandika viwili vya watoto miaka ya 1850, A Wonder-Book na Tanglewood Tales, Kiingereza chake kizito kidogo ila hadithi zinatiririka. Padraic Colum ndo nampenda zaidi, The Children's Homer ya 1918 na The Children of Odin ya 1920, hii ya pili ni ya miungu ya watu wa Skandinavia, akina Thor na Loki. Na kama hutaki kusoma kwa sauti kila siku (koo nalo lina mwisho wake) nenda LibriVox, watu wamejitolea kusoma vitabu hivyo hivyo wakarekodi, unadaunlodi usiku bando la usiku likiwa rahisi, kesho mnasikiliza kwenye foleni ya Ubungo. Sisi Odysseus, yule shujaa wa Homer, alirudi kwao Ithaca tukiwa tumekwama Ubungo hapo hapo, naye alichukua miaka 10 njiani kwa hiyo hatukujisikia vibaya.

Wale wenye vijana wanaopenda Percy Jackson, vile vitabu vya siku hizi vya kijana anayekutana na miungu ya Wagiriki, waacheni wasome, ila ni vizuri wajue hadithi zenyewe kwanza, la sivyo utani mwingi wa mle ndani unawapita. Na wale walioiona Thor ya sinema tu, waambieni Thor wa kwenye hadithi ana ndevu nyekundu, na kuna siku alivalishwa gauni na shela akaenda kuolewa na jitu ili arudishiwe nyundo yake iliyoibiwa. Mezani akala ng'ombe mzima na samaki wanane, bwana harusi akashtuka, Loki akadanganya eti bibi harusi hajala siku nane kwa hamu ya kuolewa. Wangu walicheka mpaka mdogo akapaliwa.

Kitu kimoja cha kuangalia, waandishi wa zamani wa watoto walikuwa wanaongeza chumvi. Ile ya mfalme Midas, kila anachogusa kinakuwa dhahabu, sote tunaijua na yule binti yake aliyegeuka dhahabu akimkumbatia. Basi yule binti ni Hawthorne kamuweka, akampa na jina kabisa, Marygold. Kwa Ovid, Mrumi aliyeiandika miaka 2000 iliyopita, hakuna binti, Midas anashindwa kula na kunywa tu. Mkubwa wangu (ana 11) alikasirika kama kaibiwa, halafu akaanza kukagua kila hadithi nani kaandika na lini. Mi nikasema hapo sasa ndo tumeanza kusoma historia.

Na zile za Zeus na michepuko yake mnaruka, au mnasema "alipata mtoto na mama mwingine" mnaendelea. Watoto wa Dar hilo wanalielewa bila maelezo.

Vitabu vya karatasi sasa. Vya mtumba pale Posta, Samora na mitaa inayozunguka Askari, ni bahati nasibu, ila bahati ipo. Ushauri wangu ni usiulize kwa jina la somo. Mimi nilimuuliza kijana mmoja kama ana vitabu vya miungu ya Wagiriki, akanitazama, akasema "mama, vya dini vipo hivi hapa", akanitolea Biblia ya watoto yenye picha na kitabu cha namna ya kufunga na kuomba. Nikamwambia hapana mdogo wangu, nataka vya hadithi, vyenye picha za watu wana panga na ngao, farasi ana mabawa. "Aaah, vya katuni! Sema hivyo mama yangu." Akainama chini ya meza akavuta boksi, mle kulikuwa na vitabu vya Uingereza vya watoto vya kila namna, vingine vina muhuri wa maktaba ya shule huko huko, na kimoja kilikuwa cha Misri chenye Isis na Osiris, kurasa mbili za mwisho hazipo. Tuliimalizia wenyewe. Kwa hiyo elezea picha, usiseme mada, na kagua kurasa za mwisho kabla hujatoa hela.

Hapo hapo Samora kuna duka la vitabu la TPH (Tanzania Publishing House), hilo ndo la kwenda kwa vitabu vya Kiswahili, vya wachapishaji kama Mkuki na Nyota na wengine. Utakuta vya watoto vyenye michoro mizuri, na kama una kijana mkubwa chukua Adili na Nduguze ya Shaaban Robert ya 1952. Watu wanamjua Shaaban Robert kwa mashairi na kwa mitihani, wanasahau kwamba mle kuna liwali ambaye kila usiku anawachapa viboko nyani wawili, na wale nyani ni kaka zake wa damu. Ukimsomea mtoto ukurasa huo hawezi kukuachia uende jikoni.

Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Mwalimu aliifungua Desemba 9, 1967, ina sehemu ya watoto na nawashauri muende hata kama vitabu vingi vimechakaa. Vile vilivyochakaa ndo vizuri. Vile vidogo vya hadithi za kabila fulani vilivyochapwa miaka ya 70 na 80, karatasi ya njano, michoro ya kalamu nyeusi, madukani havipo tena na pale unaweza kukutana navyo. Nenda asubuhi, beba daftari.

Mtandaoni kwa wadogo kuna African Storybook, ilianza 2014 huko Afrika Kusini, bure kabisa, ina hadithi nyingi za Kiswahili, picha na sentensi mbili tatu kila ukurasa, na unaruhusiwa kuprinti, kutafsiri, hata kuandika yako. Mwanangu mdogo wa miaka 7 ndiko alikojifunzia kusoma. Ila nyingi ni za maisha ya kawaida, mbuzi kapotea, bibi na ndizi zake, mazimwi yapo machache. Ukitaka mazimwi inabidi uchimbe kwingine.

Na huku kwingine ndiko nilitaka tufike.

Mwaka 1870 kilitoka London kitabu kinaitwa Swahili Tales, cha Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyekuja baadaye kuwa askofu Zanzibar. Alikuwa anakaa Unguja anasikiliza watu wanasimulia, anaandika walivyosema, Kiswahili upande mmoja Kiingereza upande wa pili. Kipo Archive.org, kimeskaniwa, bure. Kiswahili chake ni cha kizamani, kuna maneno utasimama kidogo, lakini ni Kiswahili cha mtu anayeongea, siyo cha kitabu, na ukikisoma kwa sauti unasikia kabisa mzee amekaa barazani na kahawa yake. Mle kuna Sultani Darai, kuna kima aliyefanya urafiki na papa mpaka papa akataka kumpeleka kwao wakamtoe moyo, kima akamwambia aah rafiki yangu ungenieleza mapema, sisi kina kima tukisafiri mioyo tunaiacha juu ya miti, hebu nirudishe nikauchukue. Kuna na za Liyongo. Mwaka 1901 George Bateman akatoa Zanzibar Tales huko Chicago, Kiingereza kitupu, hadithi nyingi ni zile zile, ina michoro, hiyo ipo Gutenberg. Jamaa kaandika majina ya wanyama kwa masikio ya Kimarekani, paka ni Paaka na kisu ni Keesoo, watoto waliipenda hiyo kuliko hadithi zenyewe.

Kama utachukua moja tu mle basi chukua ya Goso mwalimu. Goso anafundisha watoto chini ya mti, paa kapanda juu kuiba tunda, tunda likaanguka likampiga Goso kichwani akafa. Wanafunzi wakamzika, wakasema lazima tumjue aliyemuua mwalimu wetu. Wakasema ni Kusi, upepo, ndo umeangusha tunda, wakamkamata wakampiga. Kusi akasema kama mimi ni mkubwa hivyo mbona nazuiwa na kiambaza cha udongo? Wakaenda kwa kiambaza, naye akasema mimi natobolewa na panya. Panya analiwa na paka, paka anafungwa na kamba, kamba inakatwa na kisu, kisu kinaliwa na moto, moto unazimwa na maji, maji yananywewa na ng'ombe, ng'ombe anasumbuliwa na inzi, inzi analiwa na paa. Kufika kwa paa, akanyamaza kimya, hana la kujitetea. Basi. Wakamuua. Hakuna shukrani wala harusi ya siku saba. Mdogo aliigeuza mchezo, kila mtu nyumbani akapewa nafasi, dada wa kazi alikuwa moto, baba yao kila siku anapewa inzi, na kila mmoja lazima aseme "kama mimi ni mkubwa..." bila kukosea, ukikosea tunaanza upya kutoka Kusi.

Halafu kuna Alice Werner, huyu alikuwa anafundisha Kiswahili chuoni London, kitabu chake Myths and Legends of the Bantu cha 1933 kipo kwenye mtandao wa sacred-texts. Kimeandikwa kwa ajili ya watu wazima, kuna sehemu lugha yake juu ya Waafrika utakunja uso, ruka hizo. Lakini amekusanya kutoka kila kona, na ndiko nilikomkuta Murile.

Murile ni kijana wa Kichaga. Kamuudhi mama yake, akakalia kigoda, akakiimbia kikaruka naye mpaka mbinguni. Anatembea anauliza njia ya kwa Mwezi, kila anaowakuta anawasaidia kazi wanamuelekeza, mwisho anafika kwa watu wa Mwezi anakuta wanakula vyakula vibichi. Hawaujui moto! Akapekecha vijiti, akawawashia, wakachoma ndizi, wakachoma nyama, wakaona ladha yake, wakamlipa ng'ombe na mbuzi akarudi nao kwao tajiri. Wiki hiyo upande wa pili tulikuwa na Prometheus, aliyeiba moto mbinguni akawaletea watu, Zeus akamfunga minyororo mlimani tai awe anamla ini kila siku. Nikawauliza tu mnaonaje hizi mbili. Mkubwa akafikiri, akasema, "Mgiriki kaiba moto juu kafungwa, Mchaga kapeleka moto juu kauza." Baba yao ni wa Machame. Alifurahi huyo utadhani kapewa cheti.

Hapo ndo nikaona kwamba kuziweka mbili mbili kunafanya kazi ambayo mimi kwa maneno yangu nisingeweza. Tukaendelea. Ya Liyongo niliwasimulia taratibu kwa jioni kadhaa. Shujaa wa pwani ya Pate na Shaka huko kaskazini, mrefu, mshairi, hashikiki. Mfalme kamfunga gerezani, mama yake anamletea chakula kila siku kwa mkono wa kijakazi Saada, askari wanakula kizuri wanamuachia mabaki. Liyongo akamuimbia Saada shairi akamwambie mama aoke mikate mizuri, na mmoja wa wishwa, ndani yake aweke tupa. Askari wakauona wa wishwa wakaucheka, wakampa. Usiku akaomba watu wapige ngoma ya gungu nje, matari na makofi, kelele ikawa kubwa na yeye ndani anakata pingu kwa tupa hakuna anayesikia. Nilipofika hapo mdogo alisimama juu ya kochi.

Mwisho wake unajulikana. Mkuki hauwezi kumuua, panga haliwezi, ni sindano ya shaba tu akichomwa kitovuni, na siri hiyo anaitoa kwa mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa kumuoa binti wa mfalme. Kijana anamchoma baba usingizini. Liyongo anaamka, anachukua upinde, anatembea mpaka kisimani wanapochota maji, anapiga goti, anaweka mshale kwenye upinde, anakata roho vile vile kapiga goti. Watu wakimuona kwa mbali wanakimbia, mji mzima hauna maji siku nyingi, mpaka mama yake anakuja kumbembeleza kwa nyimbo, anadhani mwanawe ana hasira. Haanguki mpaka ile siku anayoanguka mwenyewe. Utenzi wake uliandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, kwa mtoto wa miaka 11 Kiamu chake ni kigumu, ila beti chache unaweza kumsomea asikie mapigo.

Siku hiyo mkubwa akaleta daftari akachora mtu mmoja katikati ya ukurasa, akaanza kuweka mishale. Kitovuni, Liyongo. Kisigino, Achilles, mama yake alipomchovya kwenye mto wa kuzimu alimshika hapo. Kichwani, Samsoni na nywele zake, huyo tunaye kutoka Sunday school. Pembeni akaandika Baldr, mtoto wa Odin, huyu mama yake aliviapisha vitu vyote duniani visimdhuru akakiacha kimmea kimoja tu alichoona ni kidogo mno. Halafu akaniuliza, mama, mbona wengi siri anaijua mtu wa nyumbani? Sikuwa na jibu nikamwambia kalale. Ile karatasi ipo ukutani hadi leo na inaongezeka.

Sasa kuna hazina nyingine ambayo haipo Archive wala Samora, nayo ni bibi. Mama yangu yupo Magu, nikampigia nikamwambia mama, ile ya Shing'weng'we uliyokuwa unatusimulia, nirekodie kwenye WhatsApp niwawekee wajukuu. Akasema "mwanangu mchana hadithi hazisimuliwi, nitaota pembe", tukasubiri usiku. Zikaja voisi noti nyingi fupi fupi manake alikuwa anaachia kidole, kwa nyuma unasikia mbwa wa jirani na mjomba anamsahihisha. Shing'weng'we, zimwi la kwetu Usukumani, kala watu wote, kala na mifugo yote, dunia nzima imekwisha, amebaki mama mmoja mjamzito kajificha kwenye makapi. Akazaa mtoto, Masala Kulangwa. Kakua akauliza mama, watu wengine wako wapi? Akaanza kwenda porini, kila siku anarudi na kitu, panzi, ndege, swala, anauliza mama ndo huyu aliyewala? Siye mwanangu. Mpaka siku akampata mwenyewe, akamuua, akapasua tumbo, watu wakatoka hai wote na ng'ombe wao. Ila wakati anapasua kisu kikamkata bibi kizee mmoja sikio, na yule bibi badala ya kushukuru akaja juu, akataka kumroga, ikabidi shujaa atafute dawa amtibu kwanza. Mama yangu hapo kicheko kikamshinda, voisi noti ya mwisho ni kicheko kitupu. Upande wa Wagiriki tulikuwa na Kronos anayemeza watoto wake na kutapishwa, lakini sikio la bibi ndo lililobaki midomoni mwao. Mkiwa na wazee wenu hai, rekodini. Mimi za mama nimezihamishia kwenye flashi mbili tofauti.

Upande wa baba yao bibi kawapa Kibo na Mawenzi, vilele vya Kilimanjaro, ndugu wawili, Mawenzi kila saa anakuja kuomba moto kwa Kibo mpaka Kibo akachoka akamtwanga na mchi, ndo maana Mawenzi yuko vile, kachongoka mapengo mapengo. Mdogo akatafuta urefu, Kibo mita 5,895 na Mawenzi 5,149, akasema kumbe kweli alipigwa sana.

Mwenge Vinyago nendeni pia. Watu wanaenda kununua zawadi za wageni, mi nilienda na watoto kusikiliza. Kuna mzee wa Kimakonde alikuwa amekaa chini ya turubai, mpingo kaubana kwa miguu yote miwili, anaufuata kwa tezo ndogo, vumbi jeusi limemjaa kwenye nyusi. Watoto wakamshikamoo, nikamuomba kama anaweza kuwaambia mtu wa kwanza alitoka wapi. Hakusimamisha kazi. Akasema hapo zamani kulikuwa na mtu peke yake porini, haogi wala hakati nywele, akachonga mti ukawa mfano wa mwanamke, akausimamisha, akalala. Kuamka, ule mti ni mtu, ni mke. Wakaenda kukaa bondeni karibu na mto, mtoto akazaliwa akafa. Wakasogea juu kidogo, wa pili naye akafa. Wakapanda juu kabisa kwenye vichaka, wa tatu akaishi, "ndo sisi tukakaa juu". Mkubwa wangu kanishika mkono ananong'ona, mama, Pygmalion! Manake tulishasoma yule mchongaji wa Cyprus kwa Ovid, kachonga mwanamke wa pembe za ndovu akampenda mpaka Venus akampa uhai. Nikamwambia muulize mzee. Akamuuliza kwa aibu, akamsimulia ile ya Cyprus yote. Yule mzee sasa ndo akasimamisha tezo. Akauliza, "wa pembe? Pembe inapasuka ukiichonga vibaya, mpingo ni bora." Akaendelea na kazi yake. Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama nako ni hivyo hivyo, nyumba za makabila zimejengwa, unakaa kwenye kivuli cha nyumba ya Kisukuma unawasomea ya Kisukuma, kuna siku kuna na ngoma.

Na majirani msiwasahau. Hii ndo raha ya Dar, ukienda Kisutu wakati wa Diwali unakuta taa, mtoto anauliza, na hadithi ya Rama kurudi Ayodhya baada ya miaka 14 uhamishoni unampa akiwa anaona taa zenyewe kwa macho. Jirani yetu wa Kihindi wa zamani alituachia rundo la vile vitabu vya katuni vya Amar Chitra Katha, vinatoka India tangu 1967, Hanuman anaruka bahari, vimesomwa mpaka vimeachana.

Najua linalokuja. "Unawafundisha watoto miungu." Nimeambiwa kwenye grupu la wazazi, nimeambiwa na shangazi yangu kanisani. Mimi watoto wangu wanasali, wanajua hizi ni hadithi za watu walivyokuwa wanaiona dunia, na hakuna aliyeomba kwa Zeus hata siku Tanesco walipokata siku nzima. Kama wewe moyo wako hautulii, anza na Abunuwasi, anza na sungura na fisi, hakuna atakayekusema. Ila usimnyime mtoto majitu kwa sababu yanatisha, wanayapenda kwa sababu hiyo hiyo.

Kinachoniudhi mimi ni kingine kabisa, nacho ni "Hadithi hii inatufundisha nini?" Vitabu vyetu vingi vya watoto vinamalizia hivyo, zimwi halijafa vizuri tayari kuna maswali matano na funzo limekolezwa wino. Ndo wanavyofanyiwa shuleni na sisi tumefanyiwa, ukisikia "hapo zamani za kale" akili inaanza kutafuta funzo kama chenji iliyodondoka. Goso ana funzo gani? Sikio la bibi je? Mimi kurasa hizo nabana na klipu, tukimaliza hadithi tunanyamaza au wanachora. Maswali yakija yanatoka kwao, na ni magumu kuliko ya kitabu.

Mwisho la kiutendaji. Vile vya Archive usidaunlodi PDF kubwa iliyoskaniwa kama bando lako dogo, chukua ile ya maandishi matupu, ina makosa ya herufi lakini inafunguka kwenye simu yoyote. Mimi nazichagua, nazisafisha kidogo, maneno ya kizamani naweka ya leo pale mtoto asipoelewa kabisa, napeleka steshenari Kariakoo wanaprinti nyeusi na nyeupe kurasa mbili mbili, wanapiga spairo na kava la plastiki. Nafasi ya picha naacha wazi wachore wenyewe. Kitabu chetu cha kwanza kina Goso, kima na papa, Liyongo, Murile na Shing'weng'we ya bibi neno kwa neno pamoja na mjomba anavyomsahihisha. Cha pili kimeanza, na kwa sasa kina Wahaya na Mugasha wao wa ziwani, Wamaasai na ng'ombe walioshuka kutoka mbinguni, ila za Wazaramo sina hata moja na tumejenga kwenye ardhi yao, kwa hiyo kama una bibi Kisarawe, Maneromango au Mzenga anayesimulia, tafadhali nitafute, nauli na soda juu yangu, na nitakuja usiku asije akaota pembe.